Pakeji zimekubali, kaya zimekataa

Gari la wadadisi lilikuwa linaondoka Dodoma saa kumi na moja alfajiri kwenda Bahi, na saa mbili usiku wa kuamkia safari bado sikuwa na orodha ya kaya. Ofisini tulibaki wawili, mimi na kijana wa takwimu aliyetoka chuo mwaka uleule. Upepo wa Agosti ulikuwa unagonga mabati, na vumbi lilishaingia ndani kama kawaida yake. Ukipitisha kidole juu ya meza unaacha mstari. Karatasi tuliyodaiwa ilikuwa fupi tu: kwa kila kitongoji, kaya 10, zilezile tulizozihoji mwaka 2018 habari za mtama, uwele na alizeti. Orodha ya wakati ule ilipotea pamoja na kompyuta ya zamani. Kilichobaki ni rejista za vitongoji na skripti niliyoiandika mwenyewe, yaani faili la amri za R, programu yetu ya takwimu. Sikuwa na wasiwasi. Nilijua nikiiendesha itanirudishia kaya zilezile, maana ndani yake niliweka mbegu, ile namba inayoifanya R irudie bahati nasibu ileile.

Laptopu ilikuwa mpya na R yake mpya, ila pakeji, yaani nyongeza zinazoipa R uwezo zaidi, zilikuwa mchanganyiko. Nyingine tulizisakinisha wiki ile, nyingine zilikaa humo miezi mingi bila kuguswa. Kijana alipoita dplyr, pakeji ya kupanga data, R ikakataa, ikasema inataka rlang, pakeji nyingine, ya toleo la juu kuliko iliyopo. Nikamwambia, "Sasisha zote." Kikatokea kidirisha cha RStudio, programu tunamoandikia R, kikishauri R ianzishwe upya kwanza, kwa sababu baadhi ya pakeji zinazosasishwa zinatumika. Akaniangalia. Data ilishapakiwa kwenye kumbukumbu na ilichukua muda mrefu kupakia, kwa hiyo nikamwambia abonyeze Hapana. Tukaenda kuchemsha chai.

Tuliporudi skrini ilikuwa nyekundu juu mpaka chini.

"Dada," akaniambia, "mwanzo tulikuwa na kosa moja. Sasa hata ggplot2, ile ya michoro, haifunguki."

Niseme neno juu ya lugha kabla sijaendelea. Kuna wanaoziita pakeji "vifurushi", na ni Kiswahili safi. Lakini kwetu ukisema kifurushi kimeisha, mtu anafikiria bando la simu, na usiku kama ule mambo yote mawili yanaweza kukukuta kwa pamoja. Kwa hiyo nitasema pakeji.

Naandika haya kwa urefu kwa sababu mji huu una watu wengi wa kazi hii kuliko tunavyodhani. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina makao yake hapa, Chuo Kikuu cha Dodoma kimekuwepo tangu 2007, wizara ziko Mtumba, na kila mwaka wanafunzi wa uzamili wanakaa usiku na data zao kwenye laptopu ndogo. R inatufaa kwa sababu haina leseni ya kulipia. Ross Ihaka na Robert Gentleman walianza kuitengeneza Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, wakaiachia watu wote, na toleo 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Ila kitu cha bure kinakutaka ukijue mwenyewe. Usiku kikigoma, hakuna wa kumpigia simu.

Kwa nusu saa nzima nilikuwa nasoma mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho ulisema ggplot2 imeshindikana, nikasakinisha ggplot2. Ikalalamikia tibble, pakeji ya majedwali, nikasakinisha tibble. Tibble nayo ikalalamikia nyingine, na kila amri ilikuwa inaongeza maandishi mekundu na kula bando. Halafu nikafanya jambo ambalo sasa ndilo naanza nalo: nikapandisha skrini hadi juu kabisa, pale wekundu ulipoanzia. Mstari wa kwanza ulisema "cannot remove prior installation of package 'rlang'". Uliofuata ulisema "Permission denied", ruhusa imekataliwa, na jina la faili lilikuwa rlang.dll. Yaani R ilitaka kuondoa rlang ya zamani ili iweke mpya, ikashindwa. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa matokeo. Dplyr inaiegemea rlang, tibble inaiegemea, ggplot2 inaiegemea. Hazikuwa na ugonjwa wowote. Nilikuwa natibu watoto mmojammoja wakati maji mabaya yako kisimani.

Kwa nini ilishindwa kuiondoa? Pakeji kama rlang haijaandikwa kwa R peke yake. Sehemu yake imeandikwa kwa lugha ya C, na kwenye Windows sehemu hiyo hukaa ndani ya faili la DLL. Ukiita dplyr, nyuma ya pazia rlang inaitwa nayo, na DLL yake inapandishwa kwenye kumbukumbu. Kuanzia hapo Windows inalishikilia lile faili. Halifutwi, haliandikwi juu yake, mpaka programu inayolitumia ifungwe. Linux haina katazo hilo: inakuruhusu kufuta jina la faili huku programu iliyokwisha lifungua ikiendelea na nakala yake. Ndiyo maana rafiki anayetumia Linux atakuapia kwamba jambo hili halijawahi kumtokea, na anasema kweli. Sisi wa Windows tukisasisha rlang ndani ya R inayoitumia rlang, ni sawa na kung'oa nguzo ya tembe ukiwa umelala ndani.

Na ubaya wake hauishii kwenye kukataa. Faili nyingine za pakeji hazishikiliwi, kwa hiyo unaweza kubaki na nusu ya pakeji mpya na nusu ya zamani. Mara nyingi R inajitahidi kurudisha ya zamani, na utaona neno "restored". Mara nyingine folda inabaki haijakamilika, na ukiiita unaambiwa hakuna pakeji yenye jina hilo, ilhali asubuhi ilikuwepo.

Tukaanzisha R upya, ndani ya RStudio, kwa Ctrl+Shift+F10. Tukasakinisha rlang. Ikakataa vilevile, "Permission denied" ileile.

Hapo wengi hukata tamaa, na mimi nilikaribia. Kijana ndiye aliyeona. Chini ya skrini, nyuma ya dirisha letu, kulikuwa na RStudio ya pili aliyoifungua mchana kwa kazi nyingine. Ilikuwa imekaa kimya, haifanyi lolote, lakini imepakia tidyverse yote, lile kundi la pakeji lenye dplyr na ggplot2, na maktaba ya pakeji, yaani folda zinamokaa, ni moja kwa madirisha yote mawili. Tukaifunga. Tukafungua na Task Manager, inayoonyesha programu zinazofanya kazi, kuhakikisha hakuna R yoyote iliyobaki inapumua.

Mtego wa pili ni wa namna hiyohiyo. Ukifunga R ukakubali kuhifadhi kila kitu, inaandika faili la .RData, na ukirudi kesho vitu vya jana vinarudi, na vinaweza kuburuta pakeji pamoja navyo. Wengine wameandika library(tidyverse), amri ya kuita pakeji hizo, ndani ya .Rprofile, faili ambalo R inalisoma kila inapoanza, ili wasisumbuke kila siku. Mtu wa namna hiyo anaanzisha R upya mara kumi, na mara zote kumi rlang iko kazini kabla hajaandika herufi. Dawa ni kufungua R tupu, bila RStudio, kwa amri ya R --vanilla, kisha kuuliza loadedNamespaces(), inayotaja pakeji zilizopakiwa. Ukiona humo ni zile za msingi tu, kama base, stats na utils, basi uwanja ni mweupe. Sakinisha ile iliyotajwa kwenye mstari wa kwanza mwekundu, na usiite library() yoyote mpaka umalize.

Tulifanya hivyo. Rlang ikakubali kwa sekunde chache.

Nyingine nazo zilitaka zamu yao. Ndani ya maktaba tulikuta folda yenye jina linaloanza na 00LOCK. R inaijenga pale inapoanza kusakinisha na kuweka humo nakala ya zamani, ili mpya ikishindikana irudishe. Kazi ikikatwa katikati, kwa mfano umeme ukienda kwenye kompyuta isiyo na betri, folda inabaki, na safari inayofuata R inaweza kukataa kwa kudhani kuna usakinishaji mwingine unaendelea. Andika .libPaths() ujue maktaba iko wapi, hakikisha hakuna R iliyofunguka, kisha ifute. Nimeona watu wanaandika --no-lock kila mara ili wasiione tena. Siwaungi mkono. Ile kufuli ndiyo inayokurudishia pakeji yako siku mambo yakiharibika.

Halafu sf, pakeji ya ramani. Hii ni nzito, maana kwenye Windows inakuja imebeba ndani yake maktaba nyingine za ramani. Tulikuwa tunatumia hotspoti ya simu. R kwa kawaida inaupa upakuaji sekunde 60 tu. Kwa intaneti ya kasi, sekunde 60 ni nyingi. Kwa hotspoti ya usiku ambayo kila mtaa unaitumia, faili linafika nusu, muda unaisha, na zipu iliyokatika haifunguki. Tulirudia mara mbili kabla sijakumbuka options(timeout = 600). Ya tatu ikafika yote. Naomba kila anayefundisha R hapa nchini aiweke amri hiyo kwenye somo la kwanza, kabla hata ya wastani na mchepuko. Wanafunzi wanachoma mabando kwa kurudia upakuaji ambao ulikuwa unakatwa na R yenyewe.

Mengine nayapitia haraka. Ukiambiwa maktaba "is not writable", R inataka kuandika ndani ya Program Files ambako huna ruhusa. Kubali ikutengenezee maktaba yako binafsi badala ya kuifungua R kwa nguvu za msimamizi. Maktaba ikiwa ndani ya folda inayojinakili mtandaoni yenyewe, ihamishe, kwa sababu ile programu ya kunakili nayo inashikilia mafaili. R yenyewe tangu toleo 4.2.0 iliacha kuweka maktaba binafsi kwenye Documents. Antivairasi nayo inaweza kushika faili wakati linakaguliwa. Subiri kidogo, rudia. Ukiulizwa kama unataka kujenga pakeji kutoka msimbo chanzo na huna Rtools, zana za kujengea pakeji kwenye Windows, jibu hapana. Na R yako ikiwa imezeeka matoleo kadhaa, CRAN, ghala kuu la pakeji mtandaoni, haiijengei tena pakeji za Windows, utaambiwa pakeji haipatikani kwa toleo lako. Hapo tatizo si pakeji, sasisha R.

Saa nne kasorobo dplyr ikafunguka. Sf ikafunguka. Skripti ya 2018 ikaenda mwanzo hadi mwisho bila neno jekundu hata moja. Kijana alishusha pumzi. Nikaipiga picha orodha, nikaituma WhatsApp kwa msimamizi wa wadadisi, mzee ambaye ameizunguka Bahi kwa miaka mingi kuliko niliyofanya kazi. Nikaanza kukusanya vikombe.

Simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hizi kaya ulizonitumia sizo."

Anayo daftari ya 2018. Huwa hatupi daftari. Aliwasha taa akaitafuta kwa sababu, aliniambia, kaya ya kwanza kwenye orodha yangu ni ya watu ambao hajawahi kukaa kwao. Kwa kitongoji cha kwanza, chenye kaya 100 kwenye rejista, daftari yake inaanza hivi: 29, 79, 41, 86, 91. Yangu ilianza hivi: 31, 79, 51, 14, 67.

Ile 79 ndiyo iliyoniumiza kichwa. Ingekuwa zote tofauti ningesema nimeshika rejista isiyo yake. Lakini moja kukaa mahali palepale, nafasi ya pili, ilinifanya nifikiri kuna mtu amepanga rejista upya, amehamisha baadhi ya majina. Tukaikagua mstari kwa mstari. Haikuguswa. Skripti nayo haikuguswa: set.seed(123), yaani mbegu ni 123, kisha sample(1:100, 10), yaani chagua 10 kati ya 100. Mbegu ileile, kitongoji kilekile.

Kilichobadilika ni R. Kompyuta ile ya zamani ilikuwa na R ya familia ya 3.4. Katika toleo 3.6.0, lililotoka Aprili 2019, njia ya sample() ya kuchagua namba ilibadilishwa. Njia ya zamani unaweza kuifuata kwa kikokotoo cha simu. Ukiweka mbegu 123, namba ya kwanza ya kubahatisha ni 0.2876. Zidisha kwa 100, unapata 28.76, kata desimali, ongeza 1, ni 29. Ya pili ni 0.7883, sasa zimebaki kaya 99, zidisha, unapata 78.04; kata, ongeza 1, ni 79. Ndiyo daftari ya mzee. Njia hiyo ina upendeleo mdogo sana ambao unaonekana pale tu unapochagua kutoka kundi kubwa mno, ndiyo maana iliachwa. Njia mpya inabahatisha biti, yaani tarakimu za 0 na 1: kwa kaya 100 inachukua biti 7, ambazo zinatoa namba kutoka 0 hadi 127, na ikiangukia 100 au zaidi inaitupa na kubahatisha tena. Ni njia bora. Lakini kwa mbegu ileile inatoa watu wengine, na ile 79 ilijirudia kwa bahati tu.

Hapakuwa na ujumbe wa kosa. Fikiria kama mzee asingewasha taa. Wadadisi wangekwenda, wangehoji kaya ambazo hatukuwahi kuzihoji, na mimi ningekaa hapa Dodoma nikilinganisha gunia za mtama za familia moja na gunia za familia nyingine, nikiandika kwamba mavuno yamepanda au yameshuka. Maafisa ugani wangeisoma ripoti ile wakaiamini, na wakulima wangepangiwa mambo kwa hesabu ambayo si yao. Kosa jekundu linakuchelewesha usiku mmoja. Hili lingekaa kwenye ripoti miaka.

Kwa hiyo siku hizi kwangu kusasisha hakumaliziki pakeji zinapofunguka. Kila kazi ina jedwali moja la zamani nililoliweka pembeni, na baada ya kusasisha naendesha skripti upya nione kama linarudi namba kwa namba. Kila matokeo yanakaa na faili la maandishi lenye sessionInfo(), linalosema R ni ya toleo gani na kila pakeji ni ya toleo gani. Kwa kazi ndefu tunatumia renv, ambayo inaipa kila kazi maktaba yake na kuandika matoleo yote kwenye faili la renv.lock, ili mwakani mtu aandike renv::restore() azirudishe. R yenyewe renv inaandika toleo lake tu, haikurudishii, kwa hiyo hilo naliandika pia kwa kalamu kwenye jalada la karatasi. Na orodha ya sampuli sasa inahifadhiwa yenyewe kama orodha, majina na namba, siyo mbegu na skripti tu.

Usiku ule dawa ilikuwa mstari mmoja. Juu ya set.seed(123) nikaweka RNGkind(sample.kind = "Rounding"), amri inayoirudisha sample() kwenye njia yake ya kabla ya 3.6.0. R ikanionya kwamba njia hiyo haina usawa kamili. Nikaiacha ionye. Nikampigia mzee, nikaweka simu juu ya meza ili kijana naye asikie, nikaanza kusoma polepole, yeye akipiga tiki kwenye daftari.

"Ishirini na tisa."

"Ipo."

"Sabini na tisa. Arobaini na moja. Themanini na sita. Tisini na moja."

"Endelea."

"Tano. Hamsini. Themanini na tatu. Hamsini na moja."

"Ndiyo."

"Arobaini na mbili."

"Arobaini na mbili," akasema, "hiyo ni ile iliyo jirani na mbuyu. Haya, soma kitongoji cha pili."